Sahani Umeilipia, Nyumba Umeazimwa

Msomaji mmoja wa Chumbageni, Tanga, ambaye amehamia mjini hapa mwaka huu kikazi, ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Wenzangu wa ofisini wamenikaribisha tukale chakula cha usiku Jumamosi ijayo nyumbani kwa mama mmoja wa Ngamiani, ambaye hufungua sebule yake mara moja au mbili kwa mwezi, akapokea watu kumi na wawili kwa malipo, kisha akaifunga. Malipo ni shilingi 25,000 kwa kila mtu, nayo hutumwa kwa simu siku tatu kabla. Orodha ya vyakula haipo, nyumba tutaelekezwa asubuhi ya siku yenyewe, tutakaa mkekani pamoja na watu tusiofahamiana, na nimeambiwa kwamba kila anayefika, mwanamume kwa mwanamke, hukuna nazi kabla ya kula. Je, nikifika pale nitakuwa mgeni au mteja? Pweza hunidhuru, nikimla midomo huvimba. Nitalisemaje hilo bila kumvunjia mama heshima? Chakula kisiponiridhisha, nina haki ya kulalamika? Na nitajuaje kwamba kimepikwa kwa usalama, ilhali pale si mgahawa?"

Marahaba, mwanangu. Nimepika katika majiko ya hoteli na katika shughuli za arusi, nikafundisha kazi hiyo kwa vijana, na miaka ya karibuni nimekuwa nikiwashauri akina mama wanaopokea watu majumbani mwao kwa mpango kama huo ulioueleza. Swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo nitaanza nalo.

Utakuwa mteja na utakuwa mgeni, ila kila kimoja kwa wakati wake. Tangu ulipopewa habari hadi utakapotuma fedha, wewe ni mteja, na una haki zote za mteja: kuuliza bei inajumuisha nini, kuuliza kinachoweza kupikwa, kueleza usichoweza kula, kuuliza saa ya kuanza na ya kumaliza, hata kusema kwamba bei hiyo huiwezi na kubaki nyumbani kwako. Ukishavua viatu kizingitini kwa mama, habari za mteja zimekwisha. Fedha ulizotuma zimelipia chakula, mkaa, nazi na jasho la mpishi. Sebule utakayoingia, mkeka ambao juzi watoto walikuwa wakifanyia kazi zao za shule, jioni ya familia nzima ambayo imehamishiwa uani ili ninyi mkae kwa nafasi, hivyo havikuwekwa kwenye bei kwa sababu havina bei. Umeazimwa. Nawe unajua namna kitu cha kuazima kinavyotumiwa na kinavyorudishwa.

Nyumba nyingi za Ngamiani, kama utakavyoona ukipita katika zile barabara zake zinazoitwa kwa namba, ni nyumba za Kiswahili: mlango wa mbele wenye baraza, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma kabisa uani, penye jiko, kisima au bomba, na choo. Mara nyingi baadhi ya vyumba hivyo wanaishi wapangaji. Mama anapopokea watu kumi na wawili, wapangaji wake nao wamekubali kupishana na wageni ukumbini na kupikia mapema ili jiko liwe huru. Kwa hiyo unapoingia, salimia kila unayemkuta, si mwenyeji wako peke yake. Mzee aliyeketi barazani mpe shikamoo yake kabla hujauliza kama hapo ndipo kwa mama fulani. Kujitambulisha kwa mzee huyo ni sehemu ya usalama wako pia, maana mtaa ukishajua kwamba umeingia wapi na kwa nani, umepata walinzi. Mwenyeji makini huwa amemwarifu mwenyekiti wa mtaa kwamba siku hiyo atakuwa na watu, na si kosa kumuuliza wakati bado ni mteja kama amefanya hivyo.

Jambo lenyewe, ukilitazama vizuri, si geni katika miji yetu. Kabla jambo hili halijapewa jina lolote, kulikuwa na vijana wasio na wake waliokuwa wakila kwa mama mmoja mwezi mzima, majina yao yakiwa katika daftari, nao wakilipa mshahara ukitoka. Kilicho kipya ni kuufanya mlo huo kuwa tukio la usiku mmoja, kwa watu wasiojuana. Nchini Kuba mambo haya yana historia ambayo huwa napenda kuwaeleza akina mama ninaowashauri. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991 na Kuba kubaki katika dhiki kubwa, serikali ya huko iliruhusu raia kuuza chakula majumbani mwao, na mikahawa hiyo ikajulikana kwa jina la paladares. Sharti mojawapo lilikuwa viti visizidi 12. Mwaka 2010 idadi iliongezwa hadi 20, na mwaka uliofuata hadi 50, na ukifika viti hamsini nyumba imekwisha kuwa mgahawa kamili wenye wahudumu na daftari la oda. Mama wenu wa Ngamiani amejiwekea kumi na wawili bila kulazimishwa na mtu, na mimi naiona hiyo kuwa dalili njema: ni idadi ambayo mwanamke mmoja na msaidizi mmoja wanaweza kuipikia kwa vyungu vya nyumbani bila chakula kupoa kikisubiri.

Kuhusu bei, nimeona katika barua yako kwamba hukuilalamikia, lakini najua wenzako kadhaa watanong'ona kwamba kwa fedha hizo wangekula siku nne kwa mama lishe. Watu wa kazi yangu hukadiria kwamba kama theluthi moja ya bei ya sahani huenda kwenye vyakula vyenyewe, na iliyobaki hugawanywa kwa moto, maji, usafiri, msaidizi, vyombo vinavyovunjika na malipo ya mpishi. Kwa watu kumi na wawili hiyo ni kama shilingi 100,000 ya sokoni. Sasa chukua pweza peke yake: akiiva hupoteza takribani nusu ya uzito wake, hivyo mama anayetaka kuweka kilo tatu za pweza siniani hununua sita. Ongeza samaki wa kupaka, kilo mbili za mchele mzuri, nazi zisizopungua kumi, ndimu, bizari, na mkate wa kumimina wa mwisho, uone kama kuna anayetajirika hapo.

Malipo ya mapema nayo yana maana inayozidi kujikinga na wanaoghairi. Yanaitoa fedha sebuleni. Nimekula katika nyumba ambazo bili ilisomwa mbele ya sinia tupu, na nikaona jinsi mwenyeji alivyoinamisha uso akipokea noti kutoka kwa watu aliotoka kuwakaribisha kwa bashasha, kisha kila mmoja akawa anatafuta chenji asijue atazame wapi. Fedha ikishamalizwa siku tatu kabla, usiku wenyewe hubaki na salamu na chakula. Hivyo tuma kwa wakati, na ukituma andika jina lako kamili ili mama asikae akihesabu nani amelipa na nani bado. Ukipata dharura baada ya kulipa, usidai kurudishiwa siku hiyohiyo, kwa sababu fedha yako imekwisha kugeuka kuwa mchele na samaki. Tafuta mtu akale badala yako na umjulishe mama jina lake.

Na hapa nitakusihi jambo moja kwa uzito wote: usiongeze mtu. Miaka mingi iliyopita, kabla sijaanza kazi ya kushauri, nilialikwa katika nyumba moja ya mji huu kwa mpango kama wenu. Nililipia watu wawili, tukafika wanne, kwa kuwa njiani nilikutana na shemeji yangu na rafiki yake, nami nikajisemea kwamba chakula cha wanane hakiwashindi kumi. Mwenyeji hakusema neno. Alitukaribisha, akatandika mkeka wa pili, akaleta samaki wa kupaka kana kwamba sote tulikuwa tumetarajiwa. Katikati ya chakula nilitoka kwenda uani kutafuta maji, na pale, kando ya jiko ambalo makaa yake yalikuwa yamekwisha kufunikwa na jivu, niliwakuta watoto wake watatu wamezunguka bakuli moja la wali mkavu, wakiushushia kwa chai ya rangi. Mkubwa wao aliponiona aliinuka, akaniamkia, kisha akachukua kawa akalifunika bakuli ili nisione. Samaki wao ndio tuliokuwa tukiwala. Nilirudi mkekani, na tonge nililolishika halikupita kooni. Kesho yake nilimpelekea yule mama fedha za watu wawili, akazikataa, akasema kwamba mgeni hahesabiwi.

Tangu siku ile nimeelewa kwamba mtu wa ziada akiingia mgahawani hula akiba ya biashara, lakini akiingia nyumbani hula fungu la mtoto, kwa sababu nyumbani hakuna akiba nyingine. Na mwenyeji wa pwani hatakwambia. Mila yetu imemfunga mdomo. Kwa hiyo ni juu yako wewe kuhesabu kwa niaba yake.

Sasa tuje kwenye suala la kukosekana kwa orodha ya vyakula, maana ndilo linaloshikana na pweza wako. Wengi hudhani kwamba mama anaficha ili kuwashangaza, na huenda anapenda mshangao kweli, lakini sababu kubwa iko baharini. Maji yanapokuwa ya bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, bahari hupwa mbali sana, miamba ikabaki wazi, na wavuvi wa pweza, wanawake kwa wanaume, hutembea kwa miguu wakichokoa mashimo kwa mkonjo. Siku hizo pweza hupatikana kwa wingi, tena mbichi wa asubuhi ileile. Maji yanapokuwa mafu, miamba haifunuki vya kutosha, na pweza utakayemkuta sokoni huenda amelala kwenye barafu siku kadhaa. Dagaa nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mwezi ukiwa mkubwa usiwatarajie. Mpishi anayekwenda mwalo wa Deep Sea alfajiri akanunua kilicholetwa na bahari siku hiyo anakupa chakula bora kuliko yule aliyeandika orodha wiki nzima kabla, kisha akalazimika kuitimiza kwa samaki wa barafu. Mimi humwamini zaidi mpishi asiye na orodha, mradi awe anakubali kuulizwa.

Na wewe ni lazima uulize. Umesema kwamba ukila pweza midomo huvimba. Hilo si suala la kupenda au kutopenda chakula. Ni mwili kukikataa kwa namna inayoweza kuhatarisha maisha, na siku ya kuvimba midomo inaweza kufuatwa na siku ya kuvimba koo na kukosa pumzi. Watu wa namna yako wanaweza kudhurika na ngisi pia, wengine hata na chaza na kome, kwa hiyo kama hujawahi kuuliza daktari, muulize, na hadi hapo viepuke vyote. Usimwambie mama "mimi pweza simli", kwa kuwa atadhani huna hamu naye na kwa wema wake atakumegea kidogo uonje. Mpigie simu, baada ya salamu mwambie maneno haya kwa utaratibu: "Mama, nina ombi. Pweza hunidhuru, nikimla navimba midomo na huenda nikashindwa kupumua. Naomba hata mchuzi wake usiguse chakula changu." Hakuna mwenyeji atakayeona kwamba umemkosea. Kinachomuumiza mwenyeji ni kugundua mbele ya wageni wote kwamba mmoja wao ameketi mikono mapajani, hali, na hakusema.

Mwombe pia mambo mawili madogo ambayo wapishi wengi hawayafikirii. La kwanza, upawa uliokoroga pweza usiingie katika chungu cha samaki. La pili, wewe usile sinia moja na wanaokula pweza, kwa sababu mkono uliomega pweza hurudi kwenye wali uleule; afadhali upewe sahani yako pembeni, na usione haya kwa hilo. Kama licha ya yote utahisi mdomo unawasha, ulimi unakuwa mzito au pumzi zinabana, usiende kujilaza kwa kuogopa kuharibu shughuli: waambie wenzako papo hapo wakupeleke hospitali ya Bombo bila kusubiri kuona kama itapoa.

Kuhusu usalama wa chakula kwa jumla, ni kweli kwamba nyumba si mgahawa, lakini kanuni za chakula hazibadiliki kwa kubadilika kwa paa. Anayepika kwa malipo mara kwa mara anafanya biashara ya chakula, na kwa hiyo anatakiwa kuwa na kibali cha halmashauri, wapishi wake wapimwe afya, jambo ambalo kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miezi sita, na afisa afya ana mamlaka ya kufika kukagua chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Mimi huwaambia akina mama ninaowashauri waende kwa afisa afya wa kata wenyewe kabla hajawafuata.

Wewe kama mgeni huwezi kudai karatasi, lakini macho unayo. Tazama kwanza maji ya kunawa: je, yanamiminwa kutoka kwenye birika au bomba, na sabuni ipo, au mnazamisha mikono nyote katika bakuli moja? Tazama chakula kinavyokuja: kinafuka mvuke, au ni vuguvugu? Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kama kinasubiri kuliwa kinatakiwa kiwekwe kwenye joto linalozidi nyuzi 60, na katika joto letu la Tanga hizo saa mbili si za kuchezewa. Wali ndio unaowadanganya wengi, kwa sababu huonekana hauna neno. Katika mchele huwamo vijidudu viitwavyo Bacillus cereus ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukiachwa sufuriani tangu mchana ukawa vuguvugu, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na ukiupasha moto tena jioni, vijidudu vitakufa lakini sumu ya kutapisha itabaki. Wali wa usiku upikwe usiku.

Samaki nao wana jambo lao. Jodari, vibua, nguru na wa jamii yao wakiachwa juani saa kadhaa bila barafu, hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini, ambacho hakiondoki kwa kukaangwa wala kwa kuchemshwa wala kwa ndimu. Anayemla samaki huyo huhisi uso unawaka, kichwa kinagonga na ngozi inawasha ndani ya muda mfupi, na wengi hudhani kwamba samaki "hapatani" naye, kumbe samaki alikuwa amekwisha kuharibika kabla ya kufika jikoni. Dalili unayoweza kuitambua ni ladha kali ya kuchoma ulimini, kama pilipili manga, kwa samaki ambaye hakutiwa pilipili. Ukiipata, acha kula, na umnong'oneze mwenyeji mara moja ili awaokoe wengine.

Hapo ndipo ninapojibu swali lako la kulalamika. Chakula chenye hatari kisemwe palepale, kwa sauti ya chini, kwa mwenyeji mwenyewe, bila kumpitisha mtu wa tatu. Chakula kisichokupendeza, kwa mfano chumvi imezidi au tui limekatika, kinakupa haki ya kusema, kwa kuwa umelipa, lakini haki hiyo inasubiri hadi kesho. Mpigie, mshukuru kwa kilichokuwa kizuri, kisha mwambie ukweli kwa uwazi, kwamba samaki alikuwa mzuri ila chumvi ilizidi. Mpishi wa nyumbani hana meneja wa kumletea malalamiko, na ukinyamaza kwa adabu kisha ukamtangaza kwa watu, umemnyima nafasi ya kurekebisha na umemnyang'anya wateja kwa pamoja. Hilo silipendi kabisa, na nimeona wanawake wawili hodari wakiacha kazi hii kwa sababu yake.

Sasa nazi. Nimefurahi sana kusoma kwamba mama huyo anawakunisha nazi wageni, wala usidhani ni mchezo tu. Samaki wa kupaka na mchuzi wa pweza huanza kupikwa kwa tui jepesi la mkamuo wa pili na wa tatu. Tui zito la mkamuo wa kwanza huingia mwisho kabisa, chakula kikiwa karibu kuepuliwa, nalo likikamuliwa dakika hiyohiyo hunukia kwa namna ambayo tui la tangu asubuhi haliwezi. Bila shaka mama atakuwa amekuna mwenyewe nazi za matui ya mwanzo, akawaachia ninyi za tui zito. Nawa mikono hadi viwiko kwanza. Ukikaa juu ya mbuzi, shika kipande cha nazi kwa mikono miwili, anzia ukingoni, ukizungushe taratibu huku ukikibonyeza kwenye meno ya chuma, na usikawie mahali pamoja; uonapo weupe unaanza kuonyesha ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu, acha, kwa sababu ngozi hiyo ikiingia hulifanya tui kuwa jeusi na kulipa uchungu. Ukisha kuna, omba kubaki hapo utazame mama anavyokamua kwenye kifumbu na kulimimina tui chunguni, mkono mmoja ukimimina na mwingine ukikoroga kwa upawa bila kupumzika, sikio likiwa kwenye chungu. Mpishi aliyezoea husikia tui linapokaribia kuchemka: mvumo wa chungu hubadilika, ukawa mzito, na hapo huchomoa makaa mawili kwa koleo kabla tui halijakatika. Mimi huwatuma wanafunzi wangu kwenda kusikiliza jambo hilo kabla sijawafundisha lolote kuhusu kipimo cha joto.

Na watu ambao wamekaa juu ya mbuzi mmoja, mmoja akimcheka mwenzake kwa vipande alivyorusha sakafuni, huwa si wageni tena wanapofika siniani. Huko, ingawa wewe utakuwa na sahani yako, ni vizuri ujue utaratibu wake: huliwa kwa mkono wa kulia, kila mtu upande wake, na kitoweo kilichowekwa katikati hakichotwi na kila mkono bali mkubwa wa pale ndiye humega na kuwasogezea wengine. Subiri naye aanze.

Zawadi si lazima kwa kuwa umelipa, lakini mfuko wa machungwa ya Muheza ukiwa ni msimu wake humfurahisha kila mtu, na mkabidhi mama au watoto uani, usiuweke katikati ya mkeka. Pombe usibebe. Picha za chakula omba ruhusa. Za watoto na za vyumba usipige kabisa, na usitangaze nyumba ilipo, kwa maana kuna sababu ya kuelekezwa asubuhi ya siku yenyewe. Kahawa ikiletwa barazani badala ya sebuleni, fahamu kwamba ndani wameanza kukunja mikeka ili watoto walale: kunywa vikombe vyako viwili, shukuru, na waage wapangaji kwa sauti ndogo.

Kabla sijaweka kalamu, nimetazama hesabu ya mwezi. Jumamosi yenu itaangukia siku ya kumi na sita tangu mwezi kuandama, ambayo ni bamvua kamili, na sina shaka kwamba mama amekwisha kuweka oda ya pweza kwa wavuvi wake. Mpigie leo, kabla hajapanga vyungu.